Laptopu haioni waifai ya nyumbani: urekebishe ruta, draiva, au ununue kadi nyingine?

"Yaya, mashini haioni tena rezo ya ku nyumba."

Mdogo wangu aliniambia hivyo saa mbili usiku, hapa Lubumbashi, umeme wa SNEL ukiwa umerudi nusu saa tu baada ya kukatika mchana kutwa. Alikuwa anamalizia kazi yake ya mwisho wa masomo ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na msimamizi wake alikuwa anasubiri sura ya tatu. Simu yake iliiona waifai. Simu ya mama iliiona. Laptopu, iliyonunuliwa mtumba miezi michache nyuma, ilionyesha rezo (yaani mitandao) mbili za majirani, ya kwetu hapana.

Kesho yake aliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliiwasha, akaangalia orodha ya rezo, akasema: "Tutaifomati tu." Mdogo wangu alilipa, akarudi na Windows mpya, bila programu zake, bila orodha ya vitabu aliyoipanga kwa wiki nyingi. Rezo ya nyumbani bado haikuonekana. Dawa yake ilikuwa kubadilisha namba moja ndani ya ruta, kazi ya dakika tatu isiyodai hata faranga moja.

Iliniuma, na bado inaniuma ninapoona watu wengine wakipitishwa njia ileile. Kwa hiyo nimeweka hapa kando kwa kando dawa zote ninazozijua: kufomati, kugusa ruta, kugusa draiva (programu inayoongoza kadi ya waifai), kununua kle ya waifai (kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB), kubadilisha kadi ya ndani, na kuachana na waifai kabisa kwa kutumia waya au simu. Zote zinaponya. Ila kila moja inaponya ugonjwa wake, na bei zinatofautiana sana.

Kabla ya kulinganisha chochote: hotspoti ya simu

Watu husema "haioni" kwa mambo matatu tofauti. Kuna laptopu ambayo alama ya waifai imetoweka kabisa, kama vile haijawahi kuwa na kadi. Kuna ile yenye alama, lakini orodha yake ni tupu wakati simu iliyo pembeni yake inaona rezo kumi. Na kuna ile inayoona za majirani zote, ya kwako tu ndiyo haipo. Mbili za kwanza ni ugonjwa wa laptopu. Ya tatu, mara nyingi, ni ruta na laptopu zisizosikilizana.

Angalia kwanza kwamba Mode Avion haijawashwa, na kwamba hujagusa kitufe cha waifai kwenye safu ya F au swichi ndogo ya pembeni ambayo laptopu za zamani zilikuwa nayo. Hilo ni la sekunde kumi. Kisha washa hotspoti ya simu na uiweke karibu na laptopu. Huhitaji mega hata moja, kwa sababu unatafuta jina tu lionekane kwenye orodha. Huendi kufungua kitu.

Kwenye simu nyingi za Android, mipangilio ya hotspoti inakuruhusu kuchagua bendi, yaani kundi la mawimbi: gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Jaribu ya 2.4, halafu ya 5. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, ukiwasha "Maximiser la compatibilité" simu inatumia 2.4.

Laptopu ikiona hotspoti kwenye bendi zote mbili, basi kadi yake ni nzima, antena ni nzima, draiva inafanya kazi (hali moja tofauti, ya ruta za Wi-Fi 6, nitaitaja chini). Usimlipe mtu yeyote kwa ajili ya laptopu hiyo. Nenda kwenye ruta. Ikiona ya 2.4 peke yake, kadi ni ya bendi moja, au draiva yake imezimwa nusu. Ikiona simu ikiwa juu ya kibodi na kuipoteza ukisogea hatua nne, shaka iende kwenye antena. Isipoona chochote, ndipo laptopu inapostahili kufunguliwa, kwa programu kwanza na kwa bisibisi baadaye.

Laptopu ya mdogo wangu ingeiona hotspoti ya simu yake bila shida. Jaribio hilo lingechukua dakika moja kwenye meza ya yule fundi.

Ruta au laptopu: nani abadilike?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa mashini za mtumba ndipo tatizo linapojificha zaidi.

Bendi ya gigahezi 2.4 imegawanywa kwa chaneli, yaani njia ndogo zenye namba. Ruta zinazouzwa kwetu, kama zile za Ulaya, kwa kawaida hutumia chaneli 1 hadi 13. Marekani hutumia 1 hadi 11. Sasa laptopu nyingi tunazonunua mtumba ziliuzwa mara ya kwanza Marekani kabla ya kuzunguka na kufika kwetu, na baadhi ya kadi zake zimefungwa na kiwanda zisisikilize chaneli 12 na 13. Simu uliyonunua hapa inasikiliza zote. Ruta ikiwa kwenye 13, simu inaiona vizuri na laptopu ya Marekani ni kiziwi kwake, ingawa ziko chumba kimoja.

Ongeza delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Ruta iliyowekwa "Auto" inachagua chaneli upya kila inapowaka. Umeme ukikatika asubuhi ikiwa chaneli 6, inaweza kurudi jioni ikiwa chaneli 12. Ndiyo sababu mtu anaapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi na hajagusa kitu, na anasema kweli. Ndiyo sababu pia laptopu inaweza "kupona" yenyewe baada ya kukatika kwa pili, na fundi aliyekuwa ameishika siku hiyo akalipwa.

Dawa ni kuingia kwenye ruta kwa kutumia simu ambayo bado inaona mtandao. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa ruta nyingi za Huawei zinazotumia kadi ya SIM ni 192.168.8.1. Jina na neno la siri la kuingilia vipo kwenye kibandiko hichohicho, kama hakuna aliyevibadilisha. Tafuta sehemu ya WLAN au Wi-Fi, kisha neno "Canal". Toa "Auto", weka 1, 6 au 11. Ninataja hizo tatu kwa sababu chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu, wakati mawimbi ya waifai yana upana wa megahezi 20. Kwa hiyo 1, 6 na 11 ndizo zisizokanyagana. Upana nao uache 20, usiweke 40.

Kuna gharama ndogo: ruta iliyofungwa chaneli moja haitaweza tena kuhama ikibanwa na majirani. Mtaa kama Kamalondo, ambako nyumba zimeshikana na kila parseli (kiwanja chenye nyumba) ina ruta yake, chaneli 6 inaweza kuwa imejaa. Programu ya bure ya Android ya kupima waifai itakuonyesha ipi ina watu wachache. Hata hivyo, kati ya mtandao wa kasi usioonekana na wa polepole kidogo unaoonekana, sioni cha kufikiria.

Gigahezi 5 ni habari nyingine. Ina kasi zaidi na msongamano mdogo, lakini kuta za matofali zinaichosha haraka kuliko 2.4. Laptopu nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa hadi katikati ya miaka ya 2010 hazina bendi hiyo kabisa. Ukitaka kujua yako, fungua dirisha la amri (cmd) na uandike netsh wlan show drivers, kisha tafuta mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11a au 802.11ac, bendi ya 5 ipo. Ukiona b, g na n peke yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni 2.4 tu, na ruta iliyozimwa bendi ya 2.4 haitaonekana milele, hata ufomati mara kumi.

Hata laptopu yenye gigahezi 5 inaweza kukwama. Chaneli 52 hadi 144 za bendi hiyo zinashirikiana na rada, na kwa sheria ya chaneli hizo ruta lazima isikilize kwa angalau dakika nzima kabla ya kuanza kutangaza jina lake. Kwa hiyo umeme ukirudi, subiri dakika mbili kabla ya kuanza kuhangaika. Kama laptopu haizipendi chaneli hizo kabisa, weka ruta kwenye 36, 40, 44 au 48.

Je, bendi zote mbili ziwe na jina moja au majina mawili? Jina moja ni raha kwa wenye simu mpya, zinajichagulia zenyewe. Majina mawili ni msaada mkubwa kwa mwenye laptopu ya zamani, kwa sababu ukiona "Nyumbani" na huoni "Nyumbani5" unajua papo hapo tatizo liko wapi. Kwa nyumba yenye mashini za umri tofauti mimi ninachagua majina mawili, bila kusita.

Mpaka hapa ruta inashinda: ni bure, na haigusi faili za mtu. Kuna hali moja ambapo ninageuka. Ruta mpya za Wi-Fi 6, yaani 802.11ax, hutangaza jina lao kwa namna ambayo draiva za zamani za kadi za Intel hazikuielewa. Kadi kama 7260, 7265, 3160 na 3165 zilikuwa na tatizo hilo, na Intel yenyewe ilitoa draiva mpya kulitatua. Mtu ananunua ruta mpya kwa furaha, simu zote zinaingia, laptopu ya kazi inapotea. Unaweza kuzima "ax" kwenye ruta na laptopu itaiona mara moja. Lakini utakuwa umewapunguzia wote nyumbani kile walicholipia, kwa ajili ya mashini moja yenye draiva ya zamani. Hapo laptopu ndiyo ibadilike.

Na kama ruta si yako? Wengi tunapanga kwenye parseli ambamo mwenye nyumba ndiye aliyeleta mtandao na wapangaji wanachangia. Usiingie kwenye ruta yake kwa siri, hata kama unalijua neno la siri. Mwambie: "Papa, mashini yangu haisikii chaneli hii, naomba tuweke ya sita, simu za wengine zitaendelea kuiona." Wenye nyumba wengi hukubali wakiona kwa macho. Asipokubali, soma sehemu ya kle hapa chini.

Draiva dhidi ya kufomati

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi tunayo, imeandikwa "pilote". Inaharibika, inapotea, au inabadilishwa na sasisho lisilofaa. Kuirekebisha na kufomati kunaonekana kama ndugu, kwa kuwa vyote vinagusa programu. Tofauti ni kwamba kimoja kinagusa kipande kimoja na kingine kinachoma nyumba nzima ili kumtoa panya.

Anza na kuzima kweli. Windows 10 na 11 zina "Démarrage rapide", na kwa sababu hiyo ukizima na kuwasha, sehemu ya mfumo inahifadhiwa na kurudishwa ilivyokuwa, pamoja na kasoro zake. "Redémarrer" ndiyo inayoanza upya. Kama alama ya waifai imetoweka kabisa, fanya zaidi: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha kila kitu. Umeme uliobaki ndani ya ubao unaisha, na kadi iliyokuwa imeganda mara nyingi inaamka. Nimeona laptopu tatu zikirudi hivyo, na moja ilikuwa tayari imeandikiwa kadi mpya.

Kisha fungua "Gestionnaire de périphériques", sehemu ya "Cartes réseau". Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, jaribu "Restaurer le pilote" kwenye "Propriétés" za kadi. Kama kadi inazimika laptopu ikilala, ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kama draiva imeharibika, pakua ya modeli yako hasa kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, na ujiepushe na programu zinazodai zinasasisha draiva zote kwa mara moja. Orodha ikiwa tupu ingawa kadi ipo, angalia kama huduma ya waifai ya Windows, iitwayo WlanSvc, inafanya kazi. Mwisho kabisa kuna "Réinitialisation du réseau" ndani ya mipangilio, ambayo inasafisha mambo yote ya mtandao na kusahau maneno ya siri ya waifai uliyohifadhi, lakini haigusi hata ukurasa mmoja wa kazi yako.

Kufomati kunafanya nini zaidi ya hapo? Kwa ugonjwa huu, karibu hakuna. Hakubadilishi chaneli ya ruta. Hakuipi kadi bendi ambayo haina. Hakuungi waya wa antena uliokatika. Na kunaweza kukuacha pabaya zaidi: Windows mpya isipokuwa na draiva ya kadi yako, sasa huna waifai ya aina yoyote, na draiva unayoihitaji iko kwenye intaneti.

Ninakubali kufomati kwa hali moja: mfumo wenyewe umeoza, una virusi au faili zake zimeharibika, na umethibitisha kwamba kadi ni nzima. Kuthibitisha kuna njia safi. Mwombe mtu flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kama Ubuntu au Mint, na uiwashe laptopu kutoka kwenye flashi bila kusakinisha kitu. Linux ikiona rezo ya nyumbani, kadi na antena ni nzima na kosa liko ndani ya Windows. Nayo isipoiona, kufomati ni kutupa fedha. Angalizo moja: baadhi ya kadi za Broadcom hazifanyi kazi kwenye Linux bila faili za ziada, kwa hizo jaribio hili halisemi kitu. Faili ya Linux ina gigabaiti kadhaa, hivyo ni afadhali ukaichukue kwa mwenzako aliye nayo kuliko kuipakua kwa mega zako.

Fundi akisisitiza kufomati, muulize swali moja kwa heshima: "Umejaribu na hotspoti?" Na kabla hujamwachia mashini, nakili faili zako kwenye diski nyingine, wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Kle ya waifai dhidi ya kadi ya ndani

Umefika hapa kwa sababu kadi imekufa, au ni ya bendi moja, au imefungwa chaneli 11 na mwenye ruta amekataa. Dalili nzuri ya kadi iliyokufa ni kwamba bluetooth nayo imepotea siku hiyohiyo, kwa kuwa kwenye laptopu nyingi vyote viwili vinakaa kwenye kadi moja. Sasa unanunua, na kuna vitu viwili vya kuweka kwenye mizani.

| | Kle ya waifai ya USB | Kadi ya ndani |
|---|---|---|
| Kufunga | Unachomeka tu | Bisibisi, na mkono mtulivu |
| Hatari ya kununua isiyoingia | Ndogo | Kubwa, soma hapa chini |
| Mawimbi | Ndogo kabisa husikia vibaya | Hutumia antena za kwenye skrini |
| Bluetooth | Mara nyingi haina | Kwa kawaida inarudi |
| Kuhamisha kwenye mashini nyingine | Ndiyo | Vigumu |

Kwa watu wengi ninachagua kle. Ila isome sanduku. Kle ndogo zilizoandikwa Mbps 150 au 300 na herufi N kwa kawaida ni za gigahezi 2.4 peke yake. Ukiinunua ili uone rezo ya gigahezi 5, umenunua ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Inayoandikwa AC600 au zaidi ina bendi mbili. Ile yenye antena ya kusimama inasikia mbali kuliko ile ya ukubwa wa kucha. Draiva yake mara nyingi inakuja kwenye sidii ndogo, na laptopu za siku hizi hazina pa kuiweka, kwa hiyo panga kuipata kwa intaneti ya simu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: diski ya nje ya USB 3 ikiwa inafanya kazi tundu la jirani, inatoa kelele kwenye bendi ya gigahezi 2.4 na inaweza kuizibia kle masikio. Hamisha kle upande wa pili, au itumie kwa waya mfupi wa kurefusha USB.

Kadi ya ndani inapendeza zaidi ikishawekwa. Hakuna kinachochomoza, na huwezi kuivunja ukiwa kwenye teksibasi. Lakini mitego ni mingi. Laptopu za kabla ya 2013 hivi zina tundu la mini PCIe, zilizofuata zina M.2, na hizo hazibadilishani. Miongoni mwa za M.2, kadi kama Intel 9560, AX201 na AX211 zinategemea prosesa ya Intel inayolingana nazo, ukiziweka kwenye mashini nyingine hazifanyi chochote. AX200 na AX210 ndizo za kujitegemea. Laptopu kadhaa za zamani za HP na Lenovo zinakataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao: ThinkPad huandika kosa 1802, HP huandika 104. Na baadhi ya laptopu nyembamba kadi yake imechomelewa kwenye ubao, haitoki. Kwa hiyo usinunue kadi kabla ya kufungua na kusoma namba ya ile iliyomo.

Ukifungua, angalia kwanza nyaya mbili nyembamba zilizobanwa juu ya kadi, kwa kawaida nyeusi na nyeupe. Hizo ndizo antena. Zinapita ndani ya bawaba na kupanda hadi juu ya skrini. Aliyebadilisha skrini au kusafisha feni anaweza kuwa amesahau kuzirudisha. Hii ndiyo laptopu inayoona ruta ikiwa imeipakata na kuipoteza ikifika mlangoni. Kubonyeza waya mahali pake kwa kidole hakuhitaji kadi mpya. Kama umekatikia kwenye bawaba, kle ya USB ni rahisi kuliko kuvua skrini nzima.

Waya, au simu kama kadi

Dawa hizi mbili watu huziona kama za muda. Mimi ninaziheshimu.

Simu ya Android ikiunganishwa na waifai ya nyumbani, kisha ikachomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB na kuwashwa "Partage de connexion via USB", inaipelekea laptopu waifai ileile. Simu inakuwa kadi yako. Zima data ya simu kwanza ili isile mega zako kwa bahati mbaya, na kwenye Windows weka "connexion limitée" ili isianze kupakua masasisho. iPhone haifanyi hivi: inagawa data ya SIM tu, si waifai iliyounganishwa nayo. Usiku ule, kama ningekuwa na akili tulivu, mdogo wangu angetuma sura ya tatu kwa njia hii saa mbili na dakika tano.

Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ni bora kwa kila kitu isipokuwa kutembea. Hauna chaneli, hauna bendi, hauzuiwi na matofali, na unafika mita 100. Kwa anayefanya kazi mezani kila siku, ninauweka juu ya kle na juu ya kadi mpya. Laptopu isiyo na tundu lake inahitaji kipande cha USB cha kuupokea. Ila usiupitishe nje kati ya nyumba mbili za parseli: mvua za Novemba hadi Machi hapa kwetu zinakuja na radi, na waya ulio nje unaweza kuileta hadi kwenye ruta na laptopu kwa pamoja. Anga likianza kunguruma, chomoa hata ule wa ndani.

Ukienda kununua mtumba

Muuzaji akishaiwasha, usiridhike kwamba inaona waifai ya dukani kwake. Toa simu yako, washa hotspoti kwa 2.4, kisha kwa 5. Tembea nayo hatua kumi nje ya mlango na mwombe mwenzako aangalie kama jina bado lipo. Fungua na kufunga skrini mara kadhaa jina likiwa kwenye orodha. Likipotea skrini inapoinuka, nyaya za bawaba zimechoka. Andika ile amri ya netsh usome aina za redio. Kama unajua kuingia kwenye ruta yako, ipeleke laptopu nyumbani kabla ya kumalizia malipo, uweke ruta kwenye chaneli 13 kwa dakika mbili. Laptopu ikiiona, imekubali chaneli zote. Isipoiona, bado unaweza kuinunua. Mwonyeshe muuzaji ulichokikuta, dai bei ishuke, na ukifika nyumbani funga ruta kwenye 6.